Kifurushi kinaporudi: gharama iko wapi na jinsi ya kuipunguza

Na Mwandishi Wetu, Nchelenge

Mzigo unapokwenda, kila mtu anaujua: muuzaji, dereva, mwenye boti na mteja anayeusubiri. Lakini mzigo huohuo ukikataliwa na kurudi, mara nyingi hauna mwenyewe. Mteja anasema si kosa lake, dereva anadai nauli yake, na muuzaji anabaki na boksi lililochanika na hesabu isiyofunga.

Kwa wafanyabiashara wa Kafutuma na maeneo mengine ya mwambao wa Ziwa Mweru, hili si jambo dogo. Vipuri, simu na nguo zinazotoka Kariakoo, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, huvuka kuingia Nakonde, kisha hupitia Kasama na Mansa kabla ya kufika Nchelenge. Kutoka hapa sehemu ya bidhaa huvushwa kwa boti kwenda Kilwa na Pweto, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya biashara. Bidhaa moja inaweza kupita nchi tatu kabla ya kumfikia mteja, na ikikataliwa inaweza kuhitaji kurudi kwa njia hiyohiyo.

Makala hii inaeleza gharama hizo zinatoka wapi na mfanyabiashara mdogo anaweza kufanya nini. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: gharama ya kurudisha kifurushi huamuliwa siku kinapotumwa, si siku kinaporudi.

Nauli ni sehemu tu ya gharama

Wafanyabiashara wengi wakiulizwa mzigo uliorudi umewagharimu kiasi gani, hutaja nauli ya kurudi. Hiyo ni sehemu tu. Gharama kamili ina mafungu matano.

La kwanza ni nauli ya kwenda, ambayo imekwishalipwa na haikuleta mauzo. La pili ni nauli ya kurudi pamoja na wapagazi na simu za kufuatilia. La tatu ni ushuru, kodi na ada za wakala kama mzigo umevuka mpaka. La nne ni kushuka kwa thamani: boksi limefunguliwa, bidhaa imeguswa na haiwezi tena kuuzwa kwa bei ya kipya. La tano, ambalo wengi hawalihesabu kabisa, ni mtaji uliolala. Fedha iliyokaa wiki 3 ndani ya boksi lililo njiani ingeweza kununua bidhaa nyingine na kuiuza.

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kufafanulia tu; msomaji aweke za kwake. Mwenye duka la vipuri vya injini za boti ana kabureta iliyomgharimu K900 hadi kufika dukani. Anaiuza K1,200 kwa mteja wa ng'ambo ya ziwa na anagharimia boti, K60. Faida yake ni K240.

Kabureta hiyo ikikataliwa, hesabu inakuwa hivi: boti ya kwenda K60, boti ya kurudi K60, simu na ufuatiliaji K20, kusafisha na kufunga upya K20, na punguzo la bei atakapoiuza tena K100. Jumla ni K260. Kwa maneno mengine, kifurushi kimoja kinachorudi kinakula faida ya kimoja kilichouzwa na kuanza kuuma cha pili.

Sasa tuseme anatuma kabureta 20 kwa mwezi. Zote zikipokelewa, faida ni K4,800. Zikirudi 4, anapata K3,840 kutoka kwa zile 16, anapoteza K1,040 kwa zile 4, na anabaki na K2,800. Mizigo iliyorudi ni moja ya tano tu ya yote, lakini imeondoa zaidi ya theluthi moja ya faida. Akifaulu kupunguza zinazorudi kutoka 4 hadi 2, faida inapanda hadi K3,800. Ameongeza K1,000 bila kutafuta mteja mpya hata mmoja.

Kwa nini vifurushi vinarudi?

Kabla ya kutafuta usafiri wa bei nafuu ni vizuri kujua sababu, maana kifurushi kisichorudi ndicho chenye nauli nafuu kuliko vyote. Sababu kuu ni nne.

Ya kwanza ni anwani. Katika eneo hili jina moja tu linaweza kuharibu biashara: Kilwa. Kuna mji wa Kilwa upande wa Kongo, kwenye mwambao wa Mweru. Kuna kisiwa cha Kilwa, ambacho kiko katika ziwa hilihili lakini ni cha Zambia. Kuna Kilwa ya mkoa wa Lindi, Tanzania, yenye Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje. Na jijini Dar es Salaam kwenyewe kuna Barabara ya Kilwa. Karani wa Kariakoo anayesoma "Kilwa" juu ya boksi hana sababu ya kuwaza Kongo. Hivyo basi, anwani iwe na nchi, mji, alama inayojulikana kama soko, gati au kanisa, na namba mbili za simu zikiwa na msimbo wa nchi: 260 kwa Zambia, 243 kwa Kongo, 255 kwa Tanzania. Namba isiyo na msimbo haimsaidii mtu aliye ng'ambo.

Ya pili ni bidhaa isiyo sahihi. Kwa vipuri hili ni tatizo sugu, kwa sababu injini mbili zenye nguvu sawa zinaweza kutumia kabureta au propela tofauti. Dawa yake ni nyepesi: usitume kipuri kwa jina la injini peke yake. Mwambie mteja apige picha ya kibao chenye namba ya injini na picha ya kipuri kibovu kikiwa kando ya rula, azitume kwa simu. Dakika tano za mteja zinaweza kuokoa safari mbili za ziwa.

Ya tatu ni mteja kubadili nia, hasa pale anapolipa mzigo ukishafika. Mtu ambaye hajatoa hata ngwee moja hana cha kupoteza akikataa. Kalenda ya uvuvi nayo ina nafasi yake. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Mvuvi aliyeagiza kipuri mwishoni mwa Novemba na kukipata katikati ya Desemba hana haraka nacho tena, na huenda hana fedha. Anayeuza vifaa vya uvuvi ajipangie tarehe ya mwisho ya kupokea oda, ili mzigo umkute mteja bado yuko kazini.

Ya nne ni mzigo kuharibika njiani. Boti hurusha maji na barabara hutikisa. Boksi la karatasi lisilo na plastiki ndani halijatengenezwa kwa safari ya ziwani.

Mpakani: mali yako inaweza kurudi kama mgeni

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na wengi huifahamu wakiwa wamechelewa.

Bidhaa iliyotoka nchini ikirudi, afisa wa forodha anaona jambo moja: mzigo unaingia kutoka nje. Kama huna ushahidi kwamba ulitoka hapa, una hatari ya kuhesabiwa kuwa bidhaa mpya iliyoagizwa. Kwa kabureta yetu ya K1,200, VAT ya Zambia ya asilimia 16 peke yake ni K192, kabla ya ushuru wa forodha wenyewe. Hasara ya K260 inakuwa K452. Kwa vifurushi 4 vilivyorudi, faida ya mwezi inashuka kutoka K2,800 hadi K2,032.

Sheria haikukusudia iwe hivyo. Utaratibu wa kurudisha nchini bidhaa katika hali ileile iliyotoka nayo unafahamika kimataifa. Mkataba wa Kyoto uliorekebishwa, ulioanza kutumika mwaka 2006 chini ya Shirika la Forodha Duniani, una sura nzima inayohusu jambo hilo. Msingi wake ni kwamba bidhaa iliyotoka na kurudi bila kubadilishwa inaweza kuingia bila kutozwa ushuru kama mgeni, mradi iweze kutambuliwa kuwa ndiyo ileile.

Neno la kushika ni "kutambuliwa". Ushahidi huo hautengenezwi siku ya kurudi, bali siku ya kutoka. Weka nakala ya tamko la forodha la kutoka, ankara yenye namba ya kipuri, na picha inayoonyesha namba hiyo. Ankara iliyoandikwa "vipuri, boksi 1" haimtambulishi mtu wala kitu. Iliyoandikwa aina ya kipuri, namba yake, idadi na bei inatosha kulinganishwa na kilichomo ndani ya boksi. Aidha, kabla ya kutuma, uliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato ya Zambia (ZRA) iliyo karibu nawe masharti na muda unaoruhusiwa kwa mzigo wa kurudi.

Ndiyo maana kuvusha mzigo kimyakimya kwa boti ya usiku ni uchumi wa uongo. Unaokoa ada ndogo leo, lakini mali ile haina tena cheti cha kuzaliwa. Ikirudi haina pa kushika.

Kuna jambo jingine linalowakwaza wengi. Muuzaji akikosea na kukutumia kipuri kingine bure, forodha haioni "bure". Kipuri hicho kina thamani na kitatathminiwa kama mzigo wowote. Wala usidhani kuwa bidhaa inapata nafuu ya soko huru la SADC, lililoanza mwaka 2008, kwa sababu tu imenunuliwa Tanzania. Nafuu hiyo inafuata mahali bidhaa ilikotengenezwa na inahitaji cheti cha uasili. Propela iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kulala Kariakoo. Kwa upande wa COMESA, utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo hauhusu mzigo wa Tanzania, nchi iliyojitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000.

Maelekezo ya mtumaji

Anayetumia posta kwa vifurushi vya nje ya nchi hujaza fomu za Umoja wa Posta Duniani. Katika fomu ya kusindikiza kifurushi kuna sehemu ambayo watu wengi huiruka: nini kifanyike kama mpokeaji hakupatikana. Mtumaji anaweza kuagiza kirudishwe mara moja, kirudishwe baada ya siku kadhaa, kipelekwe kwa mtu mwingine, au kihesabiwe kuwa kimeachwa. Anaweza pia kuchagua kirudi kwa ndege au kwa njia ya nafuu zaidi.

Alama hiyo moja ya kalamu ina bei, kwa kuwa kifurushi kinachorudi kwa mtumaji kinaweza kumfikia kikiwa na deni la kurudishwa. Kwa bidhaa ya bei ndogo, kuagiza ihesabiwe imeachwa kunaweza kuwa nafuu kuliko kuipokea tena. Kwa bidhaa ya bei kubwa, mtaje mtu wa pili katika mji uleule wa kupelekewa. Kampuni binafsi za vifurushi na mabasi nazo ziulizwe swali hilohilo kabla ya kulipa: mzigo ukikataliwa mtafanya nini, mtautunza siku ngapi bure, na kurudi ni kiasi gani?

Vilevile, elewa namna unavyopimiwa. Kampuni nyingi za kimataifa hazitozi kwa kilo za mizani tu, bali hulinganisha na uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000. Kinachokuwa kikubwa ndicho unacholipia. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 lina uzito wa ujazo wa kilo 12, hata kama kipuri kilichomo ni kilo 4. Ukikihamishia katika boksi la 30 kwa 20 kwa 20, ujazo unakuwa kilo 2.4 na utalipia zile kilo 4 tu. Mteja akirudisha mzigo katika boksi kubwa lililojaa magazeti, wewe ndiye unayelipia hewa hiyo.

Jambo la mwisho kwa wauza vipuri: kabureta au pampu iliyowahi kuguswa na petroli huhesabiwa katika mizigo ya hatari kwa usafiri wa ndege kama haijamwagwa na kusafishwa. Ikinuka mafuta inaweza kukataliwa na kukaa ghalani huku gharama za utunzaji zikipanda. Mwambie mteja kabla hajaifunga.

Je, ni lazima irudi?

Hili ndilo swali ambalo wachumi huliweka mbele na wafanyabiashara huliweka mwisho. Kurudisha bidhaa ilikotoka si haki yake. Ni uamuzi wa hesabu.

Kanuni ni hii: chukua thamani ya bidhaa itakapofika ilikotoka, toa gharama yote ya kuifikisha huko, kisha linganisha na bei unayoweza kuiuza hapo ilipo. Mfano, propela isiyomfaa mteja wa Nchelenge ina thamani ya K700 ikirudi Dar es Salaam. Basi, wakala na ada za njiani ni K350. Kilichobaki ni K350. Kama fundi wa boti hapa mwambaoni yuko tayari kuinunua kwa K500, kuirudisha ni kutupa K150. Mwombe muuzaji wa Kariakoo akukatie tofauti katika oda inayofuata badala ya kudai mzigo wenyewe. Wauzaji wengi watakubali wakionyeshwa hesabu, kwa sababu nao hawataki boksi lililofunguliwa.

Pale ambapo ni lazima irudi, isirudi peke yake. Kifurushi kimoja kinalipa ada ya wakala sawa na vifurushi kumi vilivyo chini ya tamko moja. Wenye maduka watatu au wanne wanaonunua kwa muuzaji mmoja wanaweza kukusanya mizigo yao na kuituma pamoja mara moja kwa mwezi. Angalia pia mwelekeo wa magari. Magari ya samaki yanayotoka Kashikishi huondoka yamejaa na kurudi yakitafuta mzigo, kwa hiyo anayetuma kitu kutoka huku anagombea nafasi na samaki, ilhali anayeleta ana nguvu ya kujadili bei. Uvuvi ukifungwa hali hiyo hubadilika. Ulizia bei upya kila msimu badala ya kulipa ya mwaka jana.

Nani alipe?

Tofautisha makosa matatu. Kama muuzaji ametuma kisicho sahihi au kibovu, alipe muuzaji. Kama mteja amebadili nia au ametoa vipimo vya uongo, alipe mteja. Kama mzigo umeharibika njiani, adaiwe msafirishaji, na hapo picha iliyopigwa wakati wa kukabidhi ndiyo shahidi wako. Makubaliano haya yaandikwe kwenye risiti au katika ujumbe wa simu kabla ya fedha kutolewa, kwa lugha ambayo mteja anaisoma.

Hata hivyo, usikimbilie kubandika tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nchini Zambia, Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2010 inakataza matangazo yanayomnyima mlaji haki zake, na bidhaa yenye kasoro inampa mnunuzi haki ya kudai. Kinachoruhusiwa, na chenye faida zaidi, ni malipo ya awali. Mteja akituma kwa simu kiasi kinachofidia angalau nauli ya kwenda na kurudi, anakuwa na sababu ya kupokea mzigo wake, na akikataa haachi hasara yote mgongoni mwako.

Anza na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miezi mitatu ijayo, andika kila kifurushi kilichorudi katika safu tano: tarehe, bidhaa, sababu, gharama yote, na hatima yake. Usichanganye sababu, "mteja mkorofi" si sababu, "namba ya injini haikuulizwa" ni sababu.

Mwisho wa miezi hiyo, jumlisha gharama na uzigawe kwa idadi ya vifurushi vyote ulivyotuma, siyo vilivyorudi tu. Katika mfano wetu, K1,040 kwa vifurushi 20 ni K52 kwa kila kimoja. Hiyo ndiyo gharama iliyofichwa ndani ya kila kabureta unayouza, na bei yako lazima iibebe. Kisha tazama ni sababu ipi imejirudia zaidi na uanze na hiyo peke yake. Kama ni anwani, badilisha fomu ya oda. Kama ni vipimo, dai picha. Kama ni kukataa, dai malipo ya awali.

Ziwa haliwezi kufupishwa, na barabara ya kutoka Tunduma haiko mikononi mwa mwenye duka. Karatasi inayoandikwa kabla boksi halijafungwa ndiyo iliyo mikononi mwake.